Kafeini Vitani na Dhima ya Jemadari

Tangu mwaka 1832, Rais Andrew Jackson alipoamuru posho ya pombe ya askari wa Marekani ibadilishwe kwa kahawa na sukari, jeshi lile halijapata kuachana na kafeini. Na katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kule Antietam tarehe 17 Septemba 1862, kijana William McKinley, ambaye baadaye alikuja kuwa Rais, alipata sifa kubwa kwa kuwapelekea wenzake kahawa ya moto chini ya mvua ya risasi. Masufii wa Yemen walikuwa wamekwisha kuijua siri hiyo tangu karne ya 15, wakiinywa kahawa ili wapate kukesha katika dhikiri, na sisi watu wa pwani twaujua vema mkesha wa namna hiyo. Neno nitakalo kulithibitisha hapa ni kwamba kafeini humkopesha askari uangalifu pasipo kumwondolea uchovu, na jemadari aigawaye bila ya kupanga saa ya kulala amekopa kwa jina la mtu asiyetakwa ridhaa yake.

Mwanadamu awapo macho, hujikusanya ubongoni mwake kemikali iitwayo adenosini, na kadiri izidivyo ndivyo kope zizidivyo kuwa nzito. Kafeini huja ikakalia vile vipokezi ambavyo adenosini ingevishika, ikaizuia habari ya uchovu isifike, ilhali uchovu wenyewe ungalipo na wazidi kulimbikika.

Ushahidi ulio bora ulitangazwa mwaka 2002, nao ulitoka kwa wanafunzi 68 wa kikosi cha SEAL cha jeshi la maji la Marekani, waliopimwa katika lile juma la mateso waliitalo wenyewe Juma la Jahanamu, baada ya saa 72 za kukosa usingizi, pamoja na baridi na kila aina ya taabu. Waliopewa miligramu 200 au 300 za kafeini walizinduka kwa dhahiri: waliweza kuitambua ishara hafifu iliyojitokeza baada ya kungojewa kwa muda mrefu, wakajibu upesi zaidi, na faida hiyo ikaonekana hata baada ya saa 8, lakini walipopewa bunduki walenge, shabaha yao haikubadilika. Fauka ya hayo, watafiti wa taasisi ya jeshi la Marekani ya Walter Reed walipowaweka watu macho kwa saa 75, kisha wakawachezesha karata ambazo mchezaji hupaswa kujifunza kuyaepuka mafungu yenye hasara, kafeini haikuwarudishia busara ya kuchagua. Kwa mlinzi akodoleaye macho gizani, basi, dawa hii yafaa sana. Lakini vipi kwa afisa apaswaye kukata shauri, kwa dakika moja, kama gari lijalo kizuizini lipigwe risasi au liachwe lipite? Huyo yu macho tu, na kuwa macho hakumtoshi.

Mwaka 2010 huko Afghanistan, katika askari wa Marekani waliohojiwa, asilimia 44.8 walikuwa wakinywa angalau kopo moja la kinywaji cha kuongeza nguvu kila siku, na waliokunywa matatu au zaidi ndio walioelekea zaidi kulala saa 4 au pungufu, tena ndio waliosinzia zaidi lindoni. Yamkini kukosa usingizi ndiko kulikowasukuma kwenye makopo. Hata ikiwa hivyo, makopo hayakuwaponya, na wakubwa wao walikuwa na dalili iliyo wazi mbele ya macho yao.

Siku hizi iko chingamu ya kijeshi yenye miligramu 100, ambayo kafeini yake hupenya katika ngozi laini ya kinywa na kuanza kazi upesi kuliko kikombe cha kahawa. Wepesi huo wanitia hofu kidogo, kwani kuingia ni upesi na kutoka si upesi: askari atafunaye mbili saa sita za usiku, akapata nafasi ya kujinyoosha saa tisa, aghalabu zaidi ya nusu ya kafeini ile ingalimo mwilini mwake, na usingizi alioupata kwa nadra utakuwa wa juu juu. Hapana budi, kwa hiyo, ugawaji wa kafeini uandikwe katika daftari lile lile la zamu za kulala, na afisa asiruhusiwe kutoa hata kipande kimoja mpaka awe amekwisha kuandika saa ambayo mtu huyo atalala.