Aliyechaguliwa na wazazi huondolewa na nani?

Kuchagua kamati ya shule si jambo geni Mlangali, kule Upangwa, wilaya ya Ludewa. Wazazi hukusanyika, majina hupendekezwa, mikono hunyooshwa, na mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu, huandika muhtasari. Siku ya kuingia ina utaratibu wake. Siku ya kuondolewa ndiyo yenye giza, na giza hilo lina umri mkubwa kuliko shule nyingi za mkoa wa Njombe.

Ni wakati wa kulizungumza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa 2025, inataka elimu ya lazima ya miaka 10. Sera hiyo haiwezi kusimama bila kuigusa Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978, na ndani ya sheria hiyo ndimo kamati za shule zilimo.

Simulizi ya wananchi kuitwa shuleni kisha kusahauliwa inaanzia mahali penye jina linalokaribiana na la Mlangali. Malangali, iliyoko Mufindi, ni sehemu nyingine kabisa, ingawa watu wa mbali huzichanganya. Huko mwaka 1928 serikali ya Kiingereza ilifungua shule chini ya Mwingereza aitwaye Bryant Mumford. Gavana Donald Cameron alikuwa akitawala kwa kupitia machifu, na Mumford akataka shule nayo ifuate njia hiyo. Wavulana walivaa mgolole badala ya kaptula. Walicheza ngoma za kwao na kujifunza kurusha mkuki, na masomo ya darasani yakaenda sambamba na hayo. Jambo kubwa zaidi lilikuwa wazee. Wazee kutoka kwa machifu walikaribishwa kuishi shuleni, wawafundishe vijana historia na desturi na kumshauri mwalimu. Mumford aliyaandika hayo mwenyewe mwaka 1930 katika jarida la Africa la London, na maandishi yake yanasomwa hadi leo.

Ukiyasoma kwa jicho la mzazi unaona upungufu uliokuwamo. Wazee wale walikuwa na heshima, lakini kiti chao hakikuwa na sheria nyuma yake. Waliitwa kwa hiari ya mkuu wa shule. Mumford alipoondoka mpango wake ukafifia, Malangali ikawa shule kama shule nyingine za serikali, na sauti ya wazee nayo ikatoka. Hapakuhitajika kikao cha kuwaondoa, kwa kuwa hapakuwa na kikao kilichowaweka.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 1962 ilifuta ubaguzi wa rangi katika shule. Sheria Na. 50 ya 1969 ilizichukua shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku, na mameneja wa misheni, ambao katika nyanda hizi walikuwa Walutheri, Wabenediktini na Waanglikana, wakakabidhi funguo. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zenyewe zikavunjwa, zikarudi mwaka 1984. Mara zote hizo waliokuwa wakisimamia shule waliondoka kwa uamuzi uliofanywa mbali na shule.

Sheria ya 1978 ilitengeneza kiti cha kudumu: bodi kwa shule za juu, na kamati kwa shule za msingi chini ya kifungu cha 39. Hatua hiyo tuienzi. Hata hivyo habari za nani anaingia, anakaa muda gani na anatokaje zimeachiwa kanuni, hati za uanzishaji na miongozo, karatasi ambazo mjumbe wa kijijini hazioni kwa urahisi.

Kwa miaka mingi hilo halikuuma. Kamati ilikuwa ya kuhimiza wazazi wasombe mawe na kufyatua matofali. Ada ikafutwa mwaka 2001, ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwaka 2002, na shule ikaanza kupelekewa ruzuku iliyopangwa kuwa dola 10 kwa kila mwanafunzi. Kamati ikafungua akaunti benki na mwenyekiti akawa mtu wa kutia saini. Fedha zilipoingia, cheo kisichogombaniwa kikawa na maadui. Tangu hapo Watanzania wamezoea kusikia kiongozi, akiwa kwenye mkutano wa hadhara, akitangaza kwamba kamati ya shule fulani imevunjwa kuanzia dakika hiyo. Watu hupiga makofi. Pengine kweli fedha zililiwa. Mwizi wa fedha za watoto hastahili hifadhi. Ila makofi si hukumu.

Sheria za nchi zina majibu, tukizitafuta. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya 1996 inasema mwenye mamlaka ya kuteua ana mamlaka ya kutengua, isipokuwa sheria imeelekeza vingine. Basi aliyeteuliwa na halmashauri atenguliwe na halmashauri, na aliyechaguliwa na wazazi aondolewe na wazazi. Kwa halmashauri ya kijiji jambo hilo limeandikwa bila kificho: kifungu cha 141 cha Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Na. 7 ya 1982, kinaupa mkutano mkuu wa kijiji kazi ya kuwachagua wajumbe na pia ya kuwaondoa. Mkuu wa wilaya naye, chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, anaweza kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Kumfuta mjumbe wa wazazi hakumo katika sheria hiyo.

Hata mwenye mamlaka ana mipaka. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu. Mwaka 2003, katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts lililotoka jirani zetu wa Mbeya, Mahakama ya Rufani ilisema haki hiyo si desturi ya kisheria tuliyorithi tu, ni haki ya kikatiba. Kabla yake Jaji James Mwalusanya, akiwa Dodoma, alikwishaamua kwamba hata Rais akimstaafisha mtumishi kwa manufaa ya umma, sababu lazima itolewe. Mjumbe wa kamati ya Mlangali hastahili kupewa pungufu ya hapo.

Kenya imeandika katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kwamba bodi ya shule iwe na wawakilishi sita waliochaguliwa na wazazi. Sisi nasi tuandike katika sheria mama, kwa Kiswahili: sababu za kumwondoa mjumbe, nani anaitisha kikao, akidi ni ngapi, na mtuhumiwa anajitetea lini. Wazazi wa Mlangali, muswada wa kuirekebisha Sheria ya Elimu utakapoletwa kwa maoni, msianze na idadi ya madarasa. Anzeni kwa kuuliza kifungu cha kuondolewa kiko wapi.