Probox ama Fielder? Uliza Historia

Huku Gusii, supercar si Ferrari. Ni Probox. Kisii hadi Keroka, Nyamira hadi Kebirigo, ndiyo hubeba ndizi, wanafunzi na wagonjwa. Sasa kuna za haibridi, na vijana wanabishana kila siku: Probox ama Fielder?

Historia inamaliza hiyo kelele. Fielder ilitoka 2000 kama gari la familia. Probox ikafuata 2002, ikichukua nafasi ya Corolla Van, yaani gari la kazi. Haibridi ilifika kwa Fielder 2013, kwa Probox 2018. Lakini fungua boneti: injini ni moja, 1NZ-FXE ya lita 1.5, na ukoo wake unaanzia Prius ya 1997. Zote huchaji betri ukikanyaga breki, na mteremko huku kwetu hatukosi.

Kwa hivyo usinunue jina, nunua kazi. Unabeba mizigo? Probox. Unabeba familia? Fielder. Ila Fielder ya bei rahisi inaweza kuwa na betri ya zaidi ya miaka 10. Ipimwe kwanza, la sivyo mkopo wa sacco utaishia kwa betri.