Terminali za Mbali na Majaribio ya Programu katika Unix

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell Labs, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Katika miaka yake ya mwanzo ilitumiwa kwa Teletype Model 33, mashine iliyochapa kwenye karatasi herufi 10 tu kwa sekunde. Hapo ndipo utaratibu wake ulipojengeka: mtu anaandika mstari, kompyuta inajibu, naye anasoma jibu kabla ya kuandika tena.

Skrini zilipoingia, kila kiwanda kilikuwa na alama zake za kusogeza kishale na kufuta maandishi. Bill Joy wa Berkeley akatunga termcap, faili linaloeleza uwezo wa kila aina ya terminali. Mtumiaji hutaja aina yake katika kigezo cha TERM. Telnet nayo ikamwezesha kufanya kazi kwenye kompyuta iliyo mbali.

Kumwondoa mtu anayeandika na kusoma majibu, ili majaribio ya programu yajiendeshe yenyewe, ilikuwa kazi ngumu. Amri zilizopangwa kwenye faili hazisubiri jibu, na programu kama passwd, ya kubadilisha nenosiri, husoma nenosiri hilo moja kwa moja kutoka kwenye terminali. Mwaka 1990 Don Libes wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, alitoa Expect, ambayo huiundia programu terminali bandia. Hufungua telnet, husubiri neno «login:», hutuma jina, husubiri «Password:», hutuma nenosiri, kisha husubiri alama ya kuonyesha kwamba kompyuta iko tayari. Hapa ndipo majaribio mengi hukwama: kompyuta moja huonyesha $, nyingine %, na muda wa kusubiri, ambao kwa kawaida ni sekunde 10, huisha bure. Dawa ni kuweka alama moja inayojulikana, kuzima mwangwi wa herufi zinazotumwa kwa stty -echo, na kuandika TERM=dumb ili rangi zisichafue matokeo.

Juu ya Expect, kampuni ya Cygnus ilijenga DejaGnu, mfumo wa kuendesha majaribio, ambamo kila mashine ina faili linaloeleza namna ya kuifikia.

Telnet ilipitisha nenosiri wazi mtandaoni. Baada ya manenosiri kunaswa katika mtandao wa chuo chake nchini Finland, Tatu Ylönen aliandika SSH, inayosimba mawasiliano, mwaka 1995. Jozi ya funguo ikachukua nafasi ya nenosiri lililokuwa likiachwa ndani ya faili la majaribio. Hadi leo majaribio ya kikusanyaji cha GCC na kitatuzi cha GDB yangali yanaendeshwa kwa DejaGnu.