Ganda la Pili la Embe

Mwembe ni mgeni Ukambani. Asili yake ni Asia ya Kusini, na ulifika kwetu kwa kuvuka Bahari ya Hindi. Mwaka 1331 Ibn Battuta alikaribishwa Mogadishu akaandaliwa wali wa samli na achari za kila namna: ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe machanga. Basi watu wa pwani walikwisha kuujua udhia wa tunda hili, kwamba huja kwa wingi na halisubiri mtu. Dawa yao ilikuwa chumvi na siki. Embe lilidumu, ila halikuwa tena embe la kumenya na kula.

Kulihifadhi tunda likiwa zima kulihitaji akili nyingine. Inasimuliwa kwamba Wachina wa karne ya 12 walipaka machungwa na ndimu nta kabla ya safari ndefu, na Waingereza wa karne ya 16 wakatumia mafuta ya nguruwe. Sababu ilikuja kueleweka baadaye sana. Tunda lililochumwa bado linapumua: linavuta oksijeni, linatoa hewa chafu na joto, na maji yake yanatoroka kupitia ganda. Utando mwembamba hupunguza pumzi hiyo, na tunda likachelewa kuiva na kunyauka. Ukiwa mzito kupita kiasi, tunda hukosa hewa, likachacha ndani huku nje linang'aa.

Karne ya 20 iliigeuza hekima hiyo kuwa biashara. Nchini Marekani, katika miaka ya 1920, viwanda vya kupakia machungwa vilianza kuyapaka nta, kwa kuwa kuyaosha kuliondoa nta yao ya asili. Kampuni ya Brogdex ilidai hataza hata juu ya chungwa lenye ganda lililolowekwa boraksi, lakini mwaka 1931 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba chungwa hilo limebaki chungwa, si bidhaa ya kiwandani. Miaka hiyohiyo, huko Cambridge, watafiti Kidd na West walikuwa wakichunguza namna baridi na kupunguzwa kwa oksijeni kunavyorefusha maisha ya matufaha ghalani. Tangu hapo utando na baridi vimekwenda pamoja: baridi hupunguza kasi ya tunda, utando hulizuia lisikauke humo ghalani.

Kwa embe, baridi ina mpaka. Likiwekwa chini ya nyuzi 10 hivi, ganda hufanya madoa na tunda hushindwa kuiva vizuri. Ndiyo maana utando una thamani kubwa zaidi kwake: unaongeza siku ambazo baridi kali haiwezi kuzitoa. Mwaka 2019 watafiti wa Kenya walichapisha majaribio ya kupaka nta maembe ya aina ya ngowe. Yaliyopakwa yalidumu kuliko yasiyopakwa, ndani ya chumba cha baridi na nje yake.

Hapa ndipo Tawa inapoingia. Mji huu wa soko wa Ukambani uko Mbooni, Kaunti ya Makueni, kaunti iliyo mstari wa mbele kwa maembe nchini. Mavuno hujaa kati ya Desemba na Februari, bei ikaanguka, na dalali mwenye lori ndiye anayetaja bei. Anajua kwamba embe la leo, wiki ijayo ni hasara ya mkulima. Kenya ilipojisimamishia mauzo ya maembe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda, mlango mwingine ulifungwa hadi 2021. Kiwanda cha kaunti kule Kalamba, kilichoanza 2017, husindika rojo, lakini embe la kuliwa bichi bado linashindana na kalenda.

Kazi ya kupaka utando huanza mtini. Embe huchumwa na kipande cha kikonyo, kisha kikonyo hukatwa na tunda kuinamishwa ili utomvu udondoke bila kuunguza ganda. Linaoshwa, linakaushwa, ndipo linapakwa. Utando hauui funza aliyekwisha kuingia, wala hautibu embe lililobondeka.

Malighafi si ngeni. Kitui na Makueni ni nchi ya mizinga ya nyuki, kwa hiyo nta ipo. Gundi ya mgunga hukusanywa kaskazini, Turkana, Samburu na Isiolo. Na huko Malaysia, mwaka 2010, watafiti walionyesha kwamba mmumunyo wake wa asilimia 10 huchelewesha nyanya kuiva. Mahali umeme haujafika, banda lenye kuta za mkaa uliolowanishwa hupoza mazao.

Kinachokosekana ni umiliki. Kampuni ya Apeel, iliyoanzishwa California mwaka 2012, iliuza utando wa mafuta ya mimea kwa wafanyabiashara wakubwa, nao ndio waliovuna siku zilizoongezeka. Zikibaki mikononi mwa dalali, mkulima wa Tawa atauza kwa bei ileile ya haraka. Chama cha wakulima chenye banda lake, beseni lake na nta yake kinaweza kumwambia dalali arudi Alhamisi na bei nyingine.