Taarikhi ya Mwako wa Stima Katika Kisiwa cha Mombasa

Yasemwa katika taarikhi ya kampuni ya umeme ya Kenya kwamba asili ya stima ya pwani hii ni jenereta aliyoipata Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, mwaka 1875, ili kutia nuru jumba lake na njia za mji. Na kwamba mwaka 1908 mtambo huo ulichukuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, ukakabidhiwa kampuni mpya ya umeme na taa ya Mombasa, ambayo mwaka 1922 iliungana na mwenziwe wa Nairobi, ikazaliwa East African Power and Lighting. Habari hizi husimuliwa mara nyingi, na aghalabu huishia kwenye nuru. Lakini stima haikuingia peke yake. Iliingia na hatari yake ya ndani, nayo ni mwako: umeme kuacha njia yake ya shaba ukaruka hewani baina ya nyaya, ukageuka moto mweupe wenye kishindo, ambao kwa kufumba na kufumbua huyeyusha shaba ya swichi na kumbabua aliyesimama mbele yake.

Mwako huo, kabla haujaogopwa, ulipendwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 Humphry Davy aliuonyesha London baina ya vijiti viwili vya makaa. Mwaka 1878 ulimulika barabara za Paris. Na mwaka 1902 Bi Hertha Ayrton wa Uingereza alitoa kitabu kizima juu ya tabia zake. Binadamu alijifunza kuulea kabla hajajua vema kuuzima.

Na kuuzuia kuna mambo mawili tu, umbali na wakati. Umbali ni kutenga nyaya kwa hewa, kwa kaure au kwa mafuta, na hapa ndipo Mombasa ilipo na mtihani wake mahsusi, kwa kuwa kisiwa kimezungukwa na maji ya chumvi, na pepo za kaskazi na kusi hupokezana mwaka mzima kuirusha chumvi hiyo juu ya kila nguzo. Kikombe cha kaure kinachoshika waya karibu na bahari hufanya utando wa chumvi na vumbi. Ukiwa mkavu haudhuru, bali ukipata umande wa alfajiri au manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi kirefu, umeme huanza kutambaa juu yake, ukilia chriii na kutoa nuru ya zambarau, hata ukapata njia kamili na kulipuka. Mvua kubwa ya masika haina shari hiyo, maana huosha. Kwa hiyo kaure za pwani hufanyiwa vikunjo vingi na virefu ili kuurefusha mwendo wa umeme, na huoshwa, na mahali pengine hupakwa grisi ya silikoni. Ndani ya masanduku, chumvi hiyo hiyo huzitia skrubu za shaba kutu ya kijani, kiungo kikalegea, kikapata moto.

Wakati, yaani upesi wa kukata umeme, nao ni habari nyingine. Swichi kubwa za zamani zilikata umeme ndani ya mafuta. Baadaye zikaja za gesi na za ombwe. Lakini kadiri mji ulivyounganishwa na mitambo ya Kipevu, na mabwawa ya Mto Tana, na hatimaye njia ya volti 400,000 itokayo Nairobi, ndivyo mwako ulivyopata nguvu zaidi ya kula. Mwaka 1982 mhandisi wa Marekani, Ralph Lee, alitoa makala iliyowazindua wengi, akibainisha kwamba joto la mwako laweza kukaribia digrii 20,000 za sentigredi, zaidi ya mara tatu ya joto la uso wa jua. Na shaba igeukapo mvuke hutanuka mara 67,000, ndicho kishindo kile. Nasikitika kwamba kwa miaka mingi kabla yake kinga ilipimwa kwa usalama wa mtambo, si wa fundi.

Rilei za kale, yaani vifaa viamuruvyo swichi kukata, zilisubiri kwa makusudi sehemu ya sekunde, ili swichi ya chini itangulie kukata. Za siku hizi zina jicho: kitambuzi cha nuru hutiwa ndani ya kabati la swichi, na nuru inapozuka hali mkondo umepanda ghafla, maana nuru peke yake haitoshi, isije tochi ya fundi ikauzima mji, amri ya kukata hutoka katika sehemu chache za elfu moja za sekunde.

Jicho hilo halipo vichochoroni mwa Mji wa Kale, kutoka Ndia Kuu hata Kibokoni, ambako kinga ya nyumba ni fyuzi. Fyuzi ya kaure ikikatika usiku, wako wanaofunga waya mnene wa shaba mahali pa ule mwembamba, wapate taa bila kumngoja fundi stima. Waya ule mnene hautayeyuka. Shoti ikitokea, kitakachoungua ni kiungo dhaifu kuliko vyote, nacho aghalabu kiko juu, karibu na boriti za dari.