Je, urithi wa mtoto ni maandishi?

Pengine umesikia ikisemwa kwamba urithi wa mtoto umeandikwa ndani ya damu yake. Je, ni kweli? Tutazame historia ya ugonjwa wa seli mundu, ambao wengi huuita sikoseli.

Mwaka wa 1949 Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenye Mlima Kenya, mlima huu wetu. Alipima damu ya watu wa sehemu nyingi. Katika jamii kadhaa za Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na alama ya seli mundu. Huku nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Mwaka wa 1954 alieleza sababu: alama hiyo ilienea penye malaria nyingi kwa kuwa huwakinga watoto.

Wakati huohuo, huko Cambridge, wanasayansi Watson na Crick walieleza umbo la DNA mwaka wa 1953. Baadaye ilizoeleka kuilinganisha na maandishi ya herufi nne. Mwaka wa 1956 Vernon Ingram aligundua kwamba himoglobini ya mgonjwa wa seli mundu ina tofauti mahali pamoja tu. Leo twajua chanzo ni herufi moja iliyobadilika.

Basi mfano wa maandishi watusaidia, lakini tusiufuate hadi mwisho. Katika daftari, kosa ni kosa. Herufi hii sivyo. Mtoto akiipata kwa mzazi mmoja, kwa kawaida haugui, tena hupata kinga dhidi ya malaria kali. Akiipata kwa baba na kwa mama, anaugua. Ni kama mbegu ya mahindi: ile inayozaa vizuri mlimani Meru huenda ikakauka Mbeere. Nani ataiita mbegu hiyo kosa?

Kwa hiyo mama, usikubali kuambiwa kwamba damu yako ni mbaya au umerogwa. Baba na mama wote wametoa. Wala usiseme huu ni ugonjwa wa watu wa ziwani; Makutano ni njia panda, na watu wa kila pembe wameoana hapa.

Mtoto akivimba mikono na miguu, akilia kwa maumivu au macho yakiwa ya manjano, mpeleke hospitali apimwe damu. Akipatikana na ugonjwa, afuate dawa na kliniki, anywe maji ya kutosha, na alale ndani ya neti kila usiku, kwani malaria humdhuru zaidi. Herufi alizaliwa nazo, lakini matunzo yako hayakuandikwa humo. Hayo yako mikononi mwako.