Msimbo wa Morse katika maisha ya kila siku na burudani

Msimbo wa Morse (pia: alfabeti ya Morse) ni mfumo wa kuwakilisha herufi, tarakimu na alama za uandishi kwa ishara mbili tu: fupi, inayoitwa nukta, na ndefu, inayoitwa kistari. Ulibuniwa nchini Marekani katika miaka ya 1830 na 1840 kwa ajili ya telegrafu ya umeme. Telegrafu imekwisha karibu kila mahali, lakini msimbo wake bado umo katika milio ya simu, muziki, filamu, taa za majengo na mitambo ya kuongozea ndege. Mara nyingi msikilizaji au mtazamaji hautambui.

Asili na kanuni

Msimbo huu unaitwa kwa jina la Samuel Morse (1791–1872), mchoraji na mvumbuzi wa Marekani aliyefanya kazi pamoja na Alfred Vail. Tarehe 24 Mei 1844 ujumbe wa kwanza rasmi ulipita katika waya kati ya Washington na Baltimore. Mjerumani Friedrich Clemens Gerke aliurekebisha msimbo mwaka 1848, na toleo lililotokana na marekebisho yake lilikubaliwa kimataifa mjini Paris mwaka 1865.

Msingi wa msimbo ni muda. Kistari hudumu mara tatu ya nukta. Kimya kati ya ishara za herufi moja ni sawa na nukta moja, kati ya herufi na herufi ni nukta tatu, na kati ya neno na neno ni nukta saba. Kwa mfano, neno SIMU huandikwa hivi:

··· / ·· / –– / ··–

Vimya ni sehemu ya msimbo sawa na ishara zenyewe. Bila kimya kati ya S na I, nukta tano za mwanzo zingesomeka kama tarakimu 5 (·····).

Kwa kuwa unategemea muda, msimbo unaweza kubebwa na kitu chochote chenye hali mbili: sauti na kimya, mwanga na giza, jicho wazi na jicho lililofumbwa. Ndiyo maana ni rahisi kuuficha.

Katika Afrika Mashariki, kebo ya telegrafu iliyopita chini ya bahari ilifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879. Neno la Kiswahili "simu", lenye asili ya neno la Kiajemi kwa waya, lilitumika kwa telegrafu na telegramu kabla ya kuzoeleka kwa chombo cha kuzungumzia.

Katika simu na usafiri

Simu za mkononi za Nokia zilikuwa na mlio wa kupokea ujumbe mfupi wenye sauti tatu fupi, mbili ndefu na tatu fupi. Mlio huo ni herufi SMS (··· –– ···). Watu wengine huuchanganya na SOS, ishara ya kuomba msaada, ambayo ina sauti tatu ndefu katikati (···–––···) na hutumwa mfululizo bila kimya cha kutenganisha herufi. SOS ilianza kutumika Ujerumani mwaka 1905 na ikakubaliwa kimataifa katika mkutano wa Berlin mwaka 1906. Haikuwa kifupisho cha maneno yoyote. Ilichaguliwa kwa sababu ni rahisi kuituma na kuitambua.

Katika usafiri wa anga, vituo vya redio vya kuongozea ndege hutangaza utambulisho wao kwa Morse, kwa kawaida herufi mbili au tatu zinazorudiwarudiwa. Rubani husikiliza herufi hizo ili kuhakikisha kwamba amefungua kituo sahihi. Kituo kinapofanyiwa matengenezo, utambulisho wake unaweza kuondolewa, na kimya hicho humwonya rubani asikitegemee.

Katika muziki

Kundi la Kraftwerk la Ujerumani lilitumia milio ya Morse katika wimbo wake kuhusu mnururisho wa mwaka 1975, ambamo jina la wimbo hutajwa kwa msimbo.

Kundi la Rush la Kanada lilitoa mwaka 1981 muziki usio na maneno uitwao "YYZ". Herufi hizo ni alama ya uwanja wa ndege wa Toronto, na mdundo wa mwanzo unafuata Morse yake: –·–– / –·–– / ––··. Hapa msimbo ndio uliozaa mdundo wenyewe.

Katika filamu na televisheni

Mfululizo wa televisheni wa Uingereza "Inspector Morse" (1987–2000) ulikuwa na muziki wa Barrington Pheloung. Mdundo wake mkuu hutaja jina MORSE (–– / ––– / ·–· / ··· / ·). Mtunzi aliwahi pia kuficha jina la mhalifu wa hadithi ndani ya muziki. Hata hivyo mwandishi Colin Dexter hakumwita mpelelezi wake kwa kumkumbuka mvumbuzi wa telegrafu. Jina alilipata kwa Jeremy Morse, mwanabenki aliyekuwa hodari wa kujaza fumbo la maneno.

Katika filamu "Interstellar" (2014) ya Christopher Nolan, baba aliye mbali angani anampelekea binti yake taarifa kwa kutikisa mshale wa sekunde wa saa ya mkononi. Katika "Parasite" (2019) ya Bong Joon-ho, mtu aliyefichwa chini ya nyumba ya tajiri anawasha na kuzima taa za juu kwa Morse, na wenye nyumba wanadhani taa ni mbovu. Filamu hiyo ya Korea Kusini ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2020.

Katika majengo na anga za juu

Jengo la mviringo la Capitol Records mjini Los Angeles lilifunguliwa mwaka 1956. Taa iliyo juu yake humweka kwa kutaja neno "Hollywood" kwa Morse. Aliyeiwasha mara ya kwanza alikuwa Leila Morse, mjukuu wa Samuel Morse.

Chombo cha utafiti Curiosity, kilichotua kwenye sayari ya Mirihi mwaka 2012, kina matundu katika magurudumu yake yanayoacha alama mchangani. Alama hizo husomeka JPL (·––– / ·––· / ·–··), kifupi cha jina la maabara ya NASA iliyokiunda. Zina kazi pia: kwa kutazama umbali kati ya alama hizo katika picha, chombo hupima kimesogea kiasi gani na kama magurudumu yameteleza.

Ujumbe uliofichwa na mateka

Matumizi mazito zaidi ya Morse iliyofichwa ni ya watu waliozuiwa kusema.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, meja Mwingereza Alexis Casdagli alikuwa mfungwa wa Wajerumani. Mwaka 1941 alitarizi kitambaa chenye pambo la nukta na vistari pembezoni. Pambo hilo lilikuwa maneno ya kumwombea mfalme wa Uingereza pamoja na tusi kwa Hitler. Walinzi, bila kujua, walikubali kitambaa kionyeshwe kambini.

Jeremiah Denton, rubani wa jeshi la majini la Marekani, alitekwa Vietnam Kaskazini mwaka 1965. Mwaka uliofuata aliwekwa mbele ya kamera ya televisheni ili athibitishe kwamba wafungwa wanatendewa vyema. Alipokuwa akijibu maswali alipepesa macho kana kwamba mwanga unamuumiza, na kwa kope zake akataja neno la Kiingereza "TORTURE", yaani mateso. Maafisa wa upelelezi wa Marekani waliusoma ujumbe huo, ukawa uthibitisho wa mapema kwamba wafungwa waliteswa. Denton aliachiwa mwaka 1973, na baadaye akawa seneta wa Alabama.

Nchini Kolombia, mwaka 2010 jeshi liliagiza utunzi wa wimbo wa kisasa ambao ndani yake, baada ya kiitikio, kulikuwa na milio ya Morse iliyofanana na vinanda vya kawaida. Uliwalenga askari walioshikwa mateka msituni na waasi wa FARC, ambao walikuwa wamejifunza Morse mafunzoni. Ujumbe uliwaarifu kwamba wenzao wameokolewa na kwamba zamu yao inakuja. Walinzi waliweza kuusikia wimbo huohuo redioni bila kushuku kitu.

Mambo yanayodhaniwa kuwa Morse

Noti nne za mwanzo wa Simfonia ya Tano ya Beethoven, tatu fupi na moja ndefu, zinalingana na herufi V (···–). Simfonia hiyo ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1808, kabla ya msimbo kuwepo. Ulinganifu huo ni wa bahati tu. Lakini mwaka 1941 BBC iliutumia kwa makusudi: mdundo huo ulipigwa kwa ngoma katika matangazo yaliyoelekezwa Ulaya, kama alama ya ushindi.

Vilevile ngoma za kupasha habari za Walokele, karibu na Kisangani katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huitwa wakati mwingine "Morse ya Afrika". Ulinganisho huo si sahihi. Morse huwakilisha herufi, ilhali ngoma hizo huiga kiimbo cha juu na cha chini cha lugha yenyewe.

Hata kugonga ukuta si Morse kila mara. Wafungwa wa Marekani huko Vietnam walitumia msimbo mwingine, uliopanga herufi katika mraba wenye safu tano na mistari mitano, kwa sababu mgongo wa ukutani hauna urefu: nukta na kistari havitofautiani.

Matumizi ya leo

Tangu tarehe 1 Februari 1999 meli hazitegemei tena Morse kwa wito wa dharura, kwani mfumo wa kimataifa unaotumia setilaiti na redio za kisasa ulichukua nafasi yake. Mwaka 2003 sharti la kimataifa la kuujua kwa wapenzi wa redio liliondolewa, ingawa wengi wao huendelea kuutumia. Mwaka 2004 iliongezwa alama ya @ (·––·–·), ili anwani za barua pepe ziweze kutumwa.

Msimbo huu pia huwasaidia watu wenye ulemavu wa viungo. Mtu anayeweza kusogeza kidole, kichwa au shavu tu anaweza kuandika kwa vitufe viwili, kimoja cha nukta na kingine cha kistari. Mwaka 2018 Google iliingiza Morse katika kibodi yake ya simu, Gboard, kwa ajili ya watumiaji wa aina hiyo.